Mrija wa Ogwal Uliokaa kwa Jirani

Lisemwe hili mapema, maana watu wana haraka ya kuhukumu: Joska Adyero hakuwa mwivu wa vitu. Jirani akinunua redio, Joska alikuwa wa kwanza kwenda kuisikiliza na wa mwisho kuondoka. Mke wa inspekta akishonewa gomesi mpya, Joska aliishika kwa vidole viwili, akaisifu, akarudi kwake kusugua masufuria bila kinyongo. Hata waume wa wenzake walipopandishwa vyeo, wake akabaki koplo aliyeganda palepale miaka tisa, hakukonda. Wivu wake ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa wa maneno. Aliyaonea wivu maneno ya mume wake mwenyewe, ambayo mume huyo aliyapeleka kwa mwanamke mwingine, mchana kweupe, kwa idhini ya misheni.

Waliomjua baadaye wanamkumbuka mhudumu wa afya mnene mwenye mkoba wa turubai, aliyeingia katika nyumba za walevi wa Kampala na kutoka bila kusema alichosikia humo. Wanasema alizaliwa na kazi ile. Si kweli. Alijifunza mwaka 1976, na kwanza alijifunza vibaya.

Wakati huo alikuwa na miaka thelathini na miwili. Alikaa na mumewe, Ogwal, na binti yao, Alanyo, katika kambi moja ya polisi, upande ambao mtu akitoka nje asubuhi anakutana na msikiti wa Kibuli juu ya kilima. Nyumba zilikuwa za mabati, zimepangwa mistari, chumba kimoja na kipande kwa kila koplo. Joska alikuwa Mwacholi, Ogwal mtu wa kabila la Lango; ndani ya nyumba walizungumza lugha zao za kaskazini, ambazo zinasikilizana. Wakitoka mlangoni walitumia Kiswahili, ambacho kambini kilikuwa lugha ya amri, ya gwaride na ya kugombania foleni bombani.

Joska alikuwa na kaka mmoja tu, Odoch, naye konstebo katika kambi hiyohiyo. Siku moja ya Aprili mwaka 1973, saa nane mchana, Odoch alitoka nyumbani kwake akiwa na sare, na hakuonekana tena. Wapo waliosema gari lilimchukua njiani, upande wa Old Kampala. Wapo waliosema hakukuwa na gari. Miaka ile mtu hakuuliza mara mbili, kwa kuwa aliyeuliza mara mbili alifuata. Concy, mke wa Odoch, alingoja miezi minne, kisha akafunga mizigo akarudi Gulu na watoto. Kambini ukabaki mnong'ono mmoja tu: Odoch aliponzwa na mdomo wake kwenye chungu cha malwa.

Malwa, kwa asiyeijua, ni pombe ya ulezi. Chungu huwekwa katikati, hutiwa maji ya moto, na wanaume hukizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu uliofumwa kichujio kidogo kwenye ncha. Wanavuta, wanazungumza, maji yanaongezwa, wanavuta tena. Mrija wa mtu ni kama mswaki wake, hamwazimi mwenzake. Ule wa Ogwal alikatiwa na baba yake, na kazi ya kuusuuza, kuukausha na kuufuma upya kichujio ilikuwa ya Joska. Ulilazwa juu ya misumari miwili, ukutani, palepale juu ya kitanda chao.

Joska aliuamini mnong'ono ule. Ndiyo maana Ogwal alipozidisha kunywa baada ya shemeji yake kupotea, Joska hakuona mume mlevi tu, aliona gari linakuja. Kila Ogwal alipoketi chunguni na ulimi ukaanza kulegea, Joska alisimama karibu akisikiliza kama jina la mkubwa fulani limetajwa, tayari kuanguka kifafa cha uongo ili mazungumzo yakatike. Alianguka mara mbili na ikafaa. Mara ya tatu watu walikuwa wamemzoea, wakamruka na kuendelea.

Mapema mwaka 1976, zahanati ndogo ya misheni upande wa Mengo ilitangaza mafunzo. Madaktari walikuwa wameikimbia nchi mmoja baada ya mwingine, dawa zimekuwa hadithi, na misheni ikaona heri iwafunze wakazi wenyewe yale yanayowezekana bila daktari: kuchemsha maji, kuchimba choo mbali na kisima, kumpima mtoto, kumpa anayeharisha maji ya chumvi na sukari. Na kwa kuwa watu wengi walikuwa wanakunywa ili wasiogope, nusu ya mafunzo ilihusu namna ya kumsindikiza mtu anayetaka kuacha pombe. Mwalimu alikuwa Sista Adero, muuguzi mfupi wa Kiteso mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde. Aliwafundisha kwamba siku ya tatu ni mbaya kuliko ya kwanza. Mikono ikitetemeka, mpe uji mwepesi wenye sukari. Akianza kuona wadudu ukutani usimbishie, mkimbize hospitali. Na mahubiri mwachieni padri, kwa kuwa mlevi ameshayasikia yote.

"Keti," Sista Adero alisema akiwaapisha wasindikizaji. "Usikatize. Usihukumu. Usiinuke mpaka yeye ainuke. Na kilichosemwa kwenye mkeka kibaki kwenye mkeka."

Joska alijiandikisha kwa ajili ya Ogwal, hakuwa na haja ya kuficha. Ilimchukua wiki mbili kumbembeleza Ogwal naye ajiandikishe upande wa wanaoacha, na alipokubali, Joska aliingia jikoni akalia kwa furaha. Alishajiona wameketi wawili mkekani, Ogwal anafungua kinywa na kumwambia kile kilichokuwa kinamtafuna miaka mitatu. Maana kilikuwapo kitu, Joska hakuwa mjinga. Akilewa, mume wake alikuwa anafika ukingoni mwa neno, anamwita, "Joska, Joska," halafu analala. Neno hilo alilitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu kingine chochote.

Siku ya kupangiana, majina ya wanaoacha yaliandikwa kwenye vikaratasi, yakatiwa bakulini. Kabla ya bakuli kuzunguka, Sista Adero akasema, "Mganga hajigangi. Mke hasindikizi mume yake, mama hasindikizi mtoto yake. Ukipata mtu ya nyumba yako, rudisha karatasi."

Joska akainua mkono. "Lakini mimi ndiyo najua yeye, Sista."

"Ndiyo sababu," Sista akasema, na bakuli likazunguka.

Karatasi ya Ogwal iliangukia mikononi mwa Rosebella Nanyama. Huyu alikuwa fundi cherehani, Mkenya kutoka Bungoma, mjane wa miaka arobaini na kitu, aliyepanga chumba chenye veranda chini kidogo ya kambi. Alikuwa mwembamba, ana visigino vilivyopasuka, na akimsikiliza mtu hufumba jicho moja kama anayetunga uzi sindanoni. Kama angekuwa mzuri Joska angejua la kufanya. Kuna utaratibu wa kushughulikia wanawake wazuri, na kambini ulijulikana mpaka kwa watoto. Lakini utamfanyia nini mwanamke ambaye mume wako anamwendea ili aketi tu?

Halafu likaja jambo la mirija. Sista Adero hakuwa mgeni wa malwa, kwao inanywewa hivyohivyo. Alijua kwamba mnywaji anayejiheshimu hainywi kwa kikombe wala haazimi mrija wa mtu, kwa hiyo kila anayeacha alitakiwa kumkabidhi msindikizaji wake mrija, mbele ya watu wote. Ogwal alisimama, akaushika wake kwa mikono miwili, akampa Rosebella. Rosebella akakunja goti kidogo akaupokea. Darasa likapiga makofi, na Joska akapiga pia kwa kuwa alikuwa ameketi mstari wa mbele. Kichujio cha mrija ule alikifuma yeye, wiki iliyopita. Mambo ambayo hata mama mkwe hakuwahi kuyagusa yalikuwa sasa yamelala mapajani mwa fundi cherehani. Aliporudi nyumbani akaikuta misumari miwili mitupu, akatundika kalenda, na haikusaidia.

Ogwal alikwenda kwa Rosebella kila Jumanne na Ijumaa, saa kumi, akitoka zamu. Veranda ya Rosebella ilionekana kutoka bombani, basi Joska akaanza kupenda maji. Ndoo iliyokuwa inajazwa mara mbili kwa siku sasa ilijazwa mara sita. Alanyo alioga mpaka akalalamika. Wiki ya kwanza Joska alimwona mumewe akitetemeka kama mwenye malaria, na Rosebella akimshikia bakuli la uji. Ulikuwa na sukari ule uji. Sukari yenyewe Kampala ilikuwa haionekani, lakini Rosebella aliipata kwa kaka yake, Wanjala, aliyekuwa anavuka mpaka wa Busia. Ogwal alirudi nyumbani na alama ya uji kwenye masharubu, na Joska akamgombeza juu ya masharubu, kwa kuwa hilo ndilo alilokuwa na haki ya kuligombea.

Wiki ya tatu aliona kitu kibaya zaidi. Ogwal alikuwa anazungumza, kichwa chini, viganja vimefunika uso, na cherehani ilinyamaza. Rosebella huyu alizungumza na wateja, na wachungaji, hata na askari wa doria, huku mguu wake unakanyaga. Siku hiyo mguu uliondoka kwenye cherehani na haukurudi kwa muda wa ndoo tatu. Na Ogwal alikuwa anamwambia hayo kwa Kiswahili cha kambi, lugha ya kulia-geuka, wakati nyumbani ana mke anayejua lugha ya mama yake. Jambo hili lilimuuma Joska kuliko uji.

Ogwal akirudi, Joska anamuuliza, "Mmezungumza nini?"

"Maneno tu, Mama Alanyo."

"Maneno gani?"

"Ya kwenye mkeka," Ogwal anajibu, na anakwenda kutengeneza mlango.

Maana alipona. Ajabu ya Mungu, mwanaume alipona. Wiki ya tano alikuwa amenenepa shingo, anakula akimaliza sahani, ameutengeneza mlango uliokuwa unaburuza tangu Alanyo anatambaa. Wanawake wa kambi walimwambia Joska, "Mungu ashukuriwe," naye akajibu, "Ashukuriwe," huku roho inamuuma. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na Joska, ambaye hakuwahi kukonda kwa jambo lolote, akaanza kukaza mkanda wa gomesi. Alihesabu kichwani mwake: miaka mitatu ya kumvua mtu viatu, kumwosha, kumkokota, kumwangukia kifafa mbele za watu. Rosebella aliketi wiki tano. Basi mume alikuwa anamwambia nini? Joska aliamini anamsema yeye. Anasema mke wangu mnene, mke wangu ana kelele, mke wangu hanielewi. Akiwa bombani alizitunga sentensi hizo zote na kuziweka mdomoni mwa Ogwal, na zilimfaa kabisa.

Yeye mwenyewe alikuwa amepangiwa Olanya, makanika wa magari ya kambi, aliyefiwa na mke. Olanya alianza kumwaga maneno siku ya kwanza na hakunyamaza tena. Alimwambia habari za marehemu, za mama yake, za mbuzi aliyeiba akiwa na miaka kumi. Joska aliyapata maneno ya Olanya bure, magunia kwa magunia, na hayakumfaa kitu. Alikuwa akiitikia "eee" huku shingo imegeukia kwa Rosebella. Mpaka siku moja Olanya akasimama katikati ya hadithi ya mbuzi.

"Mama Alanyo," akasema kwa upole, "leo wewe hapana iko hapa."

Joska akaomba radhi, na ilikuwa kweli, hakuwapo.

Ikaja siku ya Odoch. Kila mwaka tarehe hiyo Joska alipika chakula alichokipenda kaka yake, mboga za majani zilizotiwa ufuta, akaweka sahani moja ya ziada mezani, na hakuna aliyesema kitu. Miaka yote miwili iliyotangulia Ogwal alikuwa amelewa siku hiyo mpaka akashindwa kukaa kitini. Mwaka huu alikuwa mzima, amenyoa, na Joska alijua kabisa: leo ndiyo leo, leo wataketi wawili na sahani ya Odoch, na neno litatoka. Ogwal aliitazama ile sahani. Uso ukabadilika, akasukuma kiti, akatoka. Ilikuwa Jumatano. Haikuwa siku yake ya mkeka. Joska alichukua ndoo akaenda bombani, akamwona kwenye veranda ya Rosebella, mabega yanatikisika, analia.

Siku ya kaka yake, aliyezaliwa tumbo moja naye, mume wake analilia kwa fundi cherehani.

Kesho yake alimvizia Rosebella bombani. "Rosebella," akasema, "jana bwana yangu nalia kwako. Nalia kwa sababu gani?"

Rosebella aliweka ndoo chini. "Mama Alanyo, wewe na mimi tuliapa kiapo kimoja."

"Mimi ni bibi yake."

"Najua, dada. Ndio maana siwezi." Kisha akamsaidia kujitwisha ndoo, akamuuliza goti lake linalouma linaendeleaje, na Joska akatamani maji yote yale yammwagikie Rosebella kichwani. Siri ya mtungi muulize kata, walisema wahenga. Sasa kata yenyewe imeapa.

Ndipo akakata shauri ambalo hata miaka mingi baadaye akikumbushwa alitazama pembeni. Alipika malwa. Aliloweka ulezi, akaukaanga unga uliochacha, akatwanga kimea, na Ogwal alipouliza harufu ile inatoka wapi akaambiwa Joska anamsaidia jirani mwenye wageni kutoka Gulu. Alijua anachofanya. Alijua Ogwal akirudi kwenye chungu ulimi utarudi kulegea, na ulimi ukilegea gari halitakuwa mbali. Lakini alijua pia kwamba mlevi yule alikuwa wake. Mlevi yule alimwegemea bega, alimwita jina lake mara mbili, alikaribia ukingo wa neno akiwa kifuani kwake na si kwa mwingine. Mzima huyu mwenye shingo nene alikuwa wa Rosebella. Wivu ulimwambia heri nusu ya mtu iliyo yako, na Joska akauitikia.

Jumamosi ile alimpeleka Alanyo kucheza kwa jirani. Ogwal alipoingia saa kumi na sare yake, chungu kilikuwa katikati ya chumba kinatoa povu, na birika la maji ya moto kando yake. Alisimama bila kuvua kofia.

"Umechoka, Baba Alanyo," Joska akamwambia kwa lugha ya kwao. "Leo kaa nyumbani, unywe kidogo. Kwako mwenyewe, si kwa watu."

Harufu ilimfika Ogwal. Akaketi taratibu kwenye kigoda, akanyoosha mkono ukutani juu ya kitanda kama alivyozoea miaka yote, na vidole vikagusa kalenda.

"Mrija uko wapi?" aliuliza, ingawa alijua.

Joska naye ndipo alipozinduka. Wiki nzima ameloweka, amekaanga, ametwanga, na hakukumbuka hata mara moja kwamba nyumba haina cha kunywea. Ampe kikombe? Mwanaume wa Lango anyweshwe malwa kwa kikombe kama mtoto anayelazimishwa dawa? Na kuazima mrija ni kuitangazia kambi nzima.

"Nenda kauchukue," Ogwal alisema. Sauti ilikuwa ndogo, na alikuwa anakitazama chungu.

Joska alitelemka mteremko, akapita bomba, akafika veranda ambayo kwa miezi miwili aliitazama kila siku bila kuikanyaga. Rosebella alikuwa anashona sare ya shule. Joska hakusalimu.

"Bwana yangu nataka mrija yake."

Mguu wa Rosebella ukasimama. Kimea kilikuwa kinanuka mikononi mwa Joska, hakikuwa na haja ya kuulizwa.

"Umepika," Rosebella akasema.

"Nimepika."

"Keti kwanza, dada."

"Mimi hapana keti. Lete mrija."

Rosebella aliingia ndani, akatoka nao umefungwa katika kitambaa cheupe. Joska akaona kwamba kitambaa kimepindwa kingo zote nne kwa mkono, pindo dogo la kazi ya subira, na hata hilo likamchoma.

"Iko neno moja afande alinipa," Rosebella alisema. "Si ya mkeka. Alisema hii niseme siku ikifika. Alisema, 'Kama nitatuma Joska kuchukua mrija, kwanza mwambie kwa nini nilikupa wewe. Joska hawezi kunikatalia. Nikiomba maji, atanipa. Nikiomba pombe, atanipa. Nikiomba kisu, atainoa kwanza.'" Akaunyoosha mkono wenye mrija. "Basi. Mali ni yake. Ukitaka, chukua."

Joska alisimama. Jambo lile lililosemwa, la kutoa kila linaloombwa, yeye alikuwa akiliita mapenzi. Alilivumilia, akajivunia hilo, akawacheka wanawake waliowafungia waume zao milango. Kumbe mumewe alilitazama akaona mlango usio na komeo, akachukua kitu chake akakiweka mahali salama. Alikuwa na hasira, na aibu, na wivu ulikuwa bado upo, haukwenda popote. Lakini mkono wake haukutoka. Aligeuka akapanda mteremko mikono mitupu.

Ogwal alikuwa vilevile kigodani, viganja kavibana katikati ya magoti.

"Uko wapi?"

"Nimeuacha."

"Amekunyima?"

"Hakuninyima," Joska akasema. "Mimi ndiye nimekunyima."

Akakibeba chungu, kizito kama kilivyokuwa, akatoka nacho nyuma ya nyumba akakimwaga mtaroni. Bata wa inspekta wakaja mbio. Aliporudi, Ogwal alikuwa amevua kofia, anapumua kwa kinywa. Joska akatandika mkeka pale chungu kilipokuwa, akaketi juu yake na miguu yake minene, akamtazama mume wake.

"Sasa niambie mimi," akasema. "Yale unayomwambia yeye. Yeye ameyala miezi miwili. Mimi nayataka leo."

"Hutayataka, Joska."

"Nitayataka. Hata kama unanisema mimi, nayataka. Ni yangu."

Ogwal akatelemka kutoka kigodani, akaketi mbele yake mkekani. Akaanza, kwa lugha ya nyumbani, ile ambayo Rosebella hakuwahi kuisikia.

"Siku ya Odoch nilikuwa zamu ofisini," alisema. "Walikuja wanaume wawili wenye miwani ya jua, wakaweka gari nyuma ya jengo. Mkubwa wa zamu akaniambia, kamwite shemeji yako. Nilipita karibu na gari. Buti ya gari ilikuwa wazi, Joska. Niliiona, na nilijua. Nikaenda. Nilimkuta anapiga viatu rangi, amemaliza kimoja. Nikasimama mlangoni nikamwita kwa jina lake la utotoni, lile alilomwita mama yenu, ili asishtuke. Akacheka. Akavaa viatu hivyohivyo, kimoja kinang'aa na kingine kina vumbi, akanifuata. Hakuwa amesema kitu kwenye chungu. Walikuwa wanataka Waacholi watatu siku hiyo, na walikuwa wamepata wawili."

Joska hakusikia kambi, wala bata, wala watoto nje. Miguu yake ilitaka kuinuka. Kinywa chake kilikuwa na neno moja, na lilikuwa neno la kuua. Usikatize, alisema Sista Adero. Usihukumu. Usiinuke mpaka yeye ainuke. Alimkumbuka Rosebella bombani siku ile, anamtwisha ndoo, anamuuliza goti, na kumbe tumboni amebeba kifo cha kaka yake, na hakuacha hata tone lichuruzike.

Ogwal alikuwa hajamaliza. Alikuwa anaeleza sasa jinsi Odoch alivyogeuka karibu na gari akamtazama. Joska aliketi. Kwa mara ya kwanza tangu wapangiane kwa bakuli, alitamani kwa roho yake yote kwamba aliyeketi pale mkekani kusikiliza angekuwa Rosebella, si yeye.